Kampuni ikimiliki mwili wako: usome, utazame au ucheze?

Katika RoboCop, filamu ya Paul Verhoeven ya mwaka 1987, kuna kisa kifupi ambacho wengi hukipita wakisubiri milio ya bunduki. Polisi Alex Murphy ameuawa na genge la wahuni. Kampuni ya OCP, ambayo ndiyo inayoendesha polisi wa Detroit, imeuchukua mwili wake na kuanza kuugeuza mashine. Fundi mmoja anatangaza kwa furaha kwamba wamefaulu kuuokoa mkono wa kushoto. Bosi wa mradi anakunja uso: si tulikubaliana mwili mzima uwe wa bandia? Utoeni huo mkono. Anamgeukia mwenzake kumuuliza maoni, naye anajibu bila wasiwasi kwamba jamaa alitia saini fomu alipoingia polisi, kisheria ameshakufa, kwa hiyo wanaweza kumfanya watakavyo. Na mazungumzo yote hayo tunayaona kwa macho ya Murphy mwenyewe, tumelala chali, tunasikia, na hatuna la kusema.

Bunilizi ya kisayansi hupenda kuuliza "mimi ni nani", swali ambalo mtu anaweza kulizungusha usiku kucha bila kufika popote. Kazi zinazonigusa ni zile zinazoliteremsha swali hilo hadi mezani kwa karani: hati iko mikononi mwa nani, ina saini ya nani, na muda wake unakwisha lini? Filamu, tamthilia, kitabu na gemu vyote vinaweza kuuliza hivyo, ila kila kimoja kinakuingiza katika mkataba huo kwa mlango wake. Ndiyo maana rafiki akiniuliza aanze na kipi, huwa namuuliza kwanza ana muda gani na anataka kuumia vipi.

Nimechagua kazi nne za kulinganisha kwa karibu, nyingine nitazigusa tu. Siwezi kuzijadili bila kufichua mambo, kwa hiyo asiyependa kujua yaliyomo kabla ya kutazama asome majina tu na kuondoka.

Mwenye jioni moja: Moon

Moon ilitoka mwaka 2009, ya kwanza ndefu kuongozwa na Duncan Jones, dakika 97, na bajeti yake ya takriban dola milioni 5 ni ndogo sana kwa filamu ya anga za juu. Sam Bell, anayeigizwa na Sam Rockwell, anaishi peke yake upande wa Mwezi usioonekana kutoka duniani. Kazi yake ni kusimamia mashine zinazovuna heliamu-3 kwa ajili ya umeme wa dunia. Mwajiri wake ni Lunar Industries, mkataba ni wa miaka mitatu, na zimebaki wiki mbili arudi kwa mkewe na bintiye mchanga. Ameambiwa setilaiti ya mawasiliano imeharibika, ndiyo maana hapati simu ya moja kwa moja, anapokea video zilizorekodiwa tu.

Anapata ajali akiwa nje. Anazinduka zahanati, anahisi kuna jambo anafichwa, anatoka kwa hila hadi kwenye gari lililopondeka, na ndani anamkuta mtu aliyejeruhiwa. Mtu huyo ni Sam Bell.

Mwandishi mwingine angeificha siri hiyo hadi dakika ya mwisho. Moon inaitoa mapema, halafu inawalazimisha wanaume wawili ambao ni mtu mmoja kugawana nyumba. Wanagombana, wanacheza tenisi ya meza, kila mmoja akimtazama mwenzake kama jirani mwenye tabia mbaya. Mgeni, yule aliyezinduka zahanati, ana hasira za mtu ambaye hajafunzwa na upweke. Mwenyeji, yule aliyekutwa garini, ameshakuwa mpole, lakini mwili wake unaporomoka: jino linang'oka, anatapika damu. Pole pole unaelewa kwamba ile miaka mitatu ndiyo muda ambao mwili wa nakala unadumu. Mkataba na uhai vina tarehe moja ya kwisha, na chini ya sakafu nakala nyingine zimelazwa kwenye droo zikisubiri zamu.

Tukio la kulitazama kwa makini ni la simu. Sam mzee anaendesha gari hadi nje ya minara inayozuia mawasiliano, anafungua kifaa na kupiga nyumbani. Anapokea msichana. Yule mtoto mchanga ana miaka 15 sasa, na mama yake alishafariki. Sam anajaribu kuuliza zaidi, mara nyuma ya binti inasikika sauti ya mwanamume akiuliza nani anapiga. Sauti ni yake mwenyewe. Anaufunga mstari. Haya yote yanachukua dakika chache na yanategemea uso wa mwigizaji mmoja, jambo ambalo kitabu kingehitaji kurasa kadhaa kulifikia na gemu lingelivuruga kwa kukuuliza ubonyeze nini.

Udhaifu wake ni kwamba kampuni yenyewe iko mbali mno. Tunaona mabwana wawili wakitabasamu kwenye skrini, basi. Na mwisho umefungwa harakaharaka kwa sauti za watangazaji wa habari, kana kwamba fedha ziliisha.

Mwenye subira: Severance

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye mengi.

Severance ni tamthilia aliyoibuni Dan Erickson, na vipindi vyake vingi vimeongozwa na Ben Stiller. Ilianza Apple TV+ mwaka 2022. Wafanyakazi wa ghorofa moja ya kampuni ya Lumon wamepandikizwa chipu kichwani inayotenganisha kumbukumbu. Ukiingia kwenye lifti asubuhi, mtu wa nyumbani analala na mtu wa kazini anaamka. Jioni inakuwa kinyume. Mtu wa nje anapata mshahara na hakumbuki saa hata moja ya uchovu. Mtu wa ndani hajawahi kuona jua, hajui kama ana mke, na hajawahi kulala. Kwake yeye milango ya lifti inajifunga jioni na papo hapo inafunguka asubuhi, na korido nyeupe ni ileile.

Kipindi cha kwanza kinafunguka na mwanamke anayeitwa Helly akiwa amelala juu ya meza ya mkutano, sauti kwenye spika ikimuuliza yeye ni nani. Hajui. Anataka kuondoka, lakini kila akitoka mlangoni anajikuta anaingia tena, kwa kuwa aliyepo upande wa pili wa mlango, yaani yeye mwenyewe wa nje, ameamua kurudi. Anaandika barua ya kuacha kazi, inakataliwa. Anatishia kujidhuru, na jibu linaletwa kwa video: Helly wa nje, amevaa vizuri, ametulia, anamweleza Helly wa ndani kwamba binadamu ni yeye na huyo mwingine si binadamu, kwa hiyo uamuzi si wake.

Sijaona kazi nyingine iliyofika pale. Katika RoboCop na Moon mnyonyaji ni mtu wa suti aliye mbali. Hapa aliyetia saini ana uso wako, alama zako za vidole na kitambulisho chako, na faida anaila yeye. Baadaye tunagundua kwamba Helly wa nje ni binti wa mkuu wa kampuni, na mambo yanazidi kuwa machungu.

Nguvu ya tamthilia inatokana na kitu ambacho filamu haina: Jumatatu. Vipindi 9 vya msimu wa kwanza na 10 vya msimu wa pili vinakupitisha kwenye korido zilezile, madawati yaleyale manne, tarakimu zilezile kwenye skrini. Kazi yenyewe ni kutazama namba zinazoelea, kuhisi zipi zinatia hofu, kisha kuzitupa kwenye visanduku. Hakuna anayejua ni za nini. Ukimaliza faili unapewa zawadi ya kitoto, na mkosaji hupelekwa chumba ambako husoma maneno ya kuomba radhi tena na tena hadi msimamizi aridhike kwamba ameyasema kwa moyo. Ukiyatazama hayo kwa wiki kadhaa, unaanza kucheka kwa vichekesho vya ofisini vya Lumon, halafu unashtuka kwamba umeshazoea.

Kwa msomaji wa Nairobi jambo hili lina ladha nyingine. Mwaka 2022 Daniel Motaung, aliyewahi kuchuja maudhui ya Facebook jijini humo, aliishtaki Meta, mmiliki wa Facebook, pamoja na Sama, kampuni iliyomwajiri. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba wafanyakazi wa Sama walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuweka alama kwenye maandishi ya kutisha, ili mfumo wa OpenAI, kampuni iliyounda ChatGPT, ufundishwe kuyatambua. Kuna watu, basi, ambao kazi yao ilikuwa kabisa kukaa mbele ya skrini na kutenga yanayotisha, na masharti ya usiri yaliwafunga wasisimulie nyumbani waliyoyaona. Lumon wangewawekea chipu ili jioni wasahau. Hawa walirudi nyumbani na kumbukumbu zote.

Sasa lawama. Msimu wa pili, ulioanza Januari 2025 baada ya kusubiriwa karibu miaka mitatu, unapenda mafumbo kuliko watu. Kuna mbuzi, kuna ibada ya mwanzilishi wa kampuni, kuna vipindi vinavyotembea polepole kwenye theluji. Kama unataka majibu, utachoka. Lakini katika kipindi cha mwisho Mark, mhusika mkuu na mwenzake Helly ofisini, anajigawa: Mark wa nje na Mark wa ndani wanajadiliana kwa kupokezana video za kamera ya mkononi, na mazungumzo yanayoanza kwa heshima yanageuka ugomvi wa mwenye nyumba na mpangaji. Hapo tamthilia inarudi kwenye ubora wake. Tazama msimu wa kwanza wote, kisha uamue.

Msomaji wa kwenye daladala: All Systems Red

Kitabu cha Martha Wells cha mwaka 2017 ni kifupi, kama kurasa 150, na kilipata Hugo na Nebula, tuzo kubwa za bunilizi ya kisayansi, kwa upande wa riwaya fupi. Kiingereza chake ni cha mazungumzo, sentensi fupi, kejeli nyingi. Aliyesoma Kiingereza cha sekondari hatakwama.

Msimulizi ni mlinzi aliyeundwa nusu mashine nusu nyama, mali ya kampuni ambayo haitajwi jina, inaitwa kampuni tu. Wanasayansi wanaokwenda kuchunguza sayari hawapewi bima bila kumkodi mlinzi kama huyo. Yeye amedukua kifaa kilichowekwa ndani yake kumtiisha, kwa hiyo yuko huru na hakuna anayejua. Angeweza kuua kila mtu. Badala yake anafanya kazi kivivu na kutazama tamthilia alizopakua, maelfu ya saa. Mwenyewe anajiita Murderbot.

Kampuni yake nayo ina mkono mfupi wa kutoa na mrefu wa kupokea. Vifaa ni vya bei rahisi, na kila neno ambalo wateja wanalisema mbele ya mlinzi linarekodiwa ili lichambuliwe na kuuzwa. Murderbot analitaja hilo kama mtu anavyotaja kwamba leo kuna mawingu. Hapo ndipo kitabu kinapoishinda sinema: filamu ingeweka muziki wa kutisha, wakati huku hofu iko kwenye uzoefu wa msimulizi ambaye hajawahi kuona hali nyingine.

Jambo jingine ni kofia yake ya chuma. Ndani yake anajisikia salama. Wateja wanapouona uso wake na kugundua ni uso wa mtu, wanaanza kumwonea huruma, wanamkaribisha akae nao, naye anageukia ukuta. Wema wao unamtesa kuliko amri. Mwishoni wanamnunua kutoka kwa kampuni ili wampeleke kwao akaishi huru, chini ya mlezi. Ni watu wazuri kweli, mwandishi hawadhihaki. Lakini Murderbot anafikiri usiku kucha, anapanda meli ya mizigo isiyo na nahodha binadamu, na kutoweka. Kununuliwa na mtu mwema ni kununuliwa.

Mwaka 2025 Apple TV+ ilitoa tamthilia yake, vipindi 10 vifupi, Alexander Skarsgård akiwa mlinzi. Inachekesha, na wanasayansi wamepewa uhai zaidi. Ila ukishamlipa nyota wa kiwango kile huwezi kumfunika uso, kwa hiyo kofia inavuliwa mara kwa mara, na kile kitabu kinachokupa, yaani kuishi ndani ya kofia, kinapotea. Soma kwanza, utazame baadaye.

Mwenye kutaka deni aliguse: Citizen Sleeper

Hili ni gemu la mwaka 2022 lililoundwa na Gareth Damian Martin. Halina milipuko. Ni maandishi, picha za wahusika, ramani ya kituo cha anga kinachozunguka, na dadu.

Wewe ni nakala ya akili ya binadamu ndani ya mwili bandia ambao ni mali ya kampuni iitwayo Essen-Arp. Umetoroka ukiwa umejificha kwenye meli ya mizigo. Mwili umetengenezwa uoze usipopata dawa, na dawa iko kwa kampuni, kusudi usiende mbali. Kila siku unaamka na dadu zisizozidi tano, zimeshatupwa. Dadu ya 6 ni siku nzuri: ukiitumia kazini unalipwa. Dadu ya 1 unaitafutia kazi isiyo na hatari. Mwili ukichakaa, dadu zinapungua. Kuna asubuhi utaamka na mbili tu, 1 na 3, njaa inauma, dawa ya magendo ina bei usiyoiweza, na mwenye karakana anakusubiri.

Ni maisha ya dereva wa bodaboda mwenye hesabu ya tajiri: kabla hujala umeshadaiwa.

Moon ilinionyesha mwili unaoisha muda. Citizen Sleeper ilinifanya niupigie hesabu. Nilijikuta nikimkatalia mtu aliyenihitaji kwa sababu sikuwa na dadu ya ziada, na hakuna aliyenishurutisha. Halafu, katikati ya hesabu hizo, unakaa kwenye kibanda cha uyoga, muuzaji anakupikia, mnaongea. Unaanza kuwa na majirani, na swali la kama wewe ni mtu au nakala linakosa haraka, kwa kuwa kesho kuna mtoto wa mfanyakazi mwenzako wa kumwangalia.

Halihitaji kompyuta ya gharama, na wikiendi moja inatosha. Sharti ni upende kusoma, tena Kiingereza chenye ushairi kidogo.

Mtu akitaja magemu na kampuni katika sentensi moja, wengi hufikiria Cyberpunk 2077 ya CD Projekt Red, iliyotokana na mchezo wa mezani wa Mike Pondsmith wa mwaka 1988. Ndani yake chipu ya kampuni ya Arasaka imemweka marehemu Johnny Silverhand, anayeigizwa na Keanu Reeves, kichwani mwako, na taratibu anakufuta. Wazo ni kali. Utekelezaji unalisaliti: unaambiwa unakufa, na bado simu inaita mfululizo ukanunue gari au ukapigane ngumi. Ilipotoka Desemba 2020 ilikuwa na hitilafu nyingi kiasi kwamba Sony iliiondoa dukani kwa miezi kadhaa. Sasa imetengenezwa vizuri, lakini inataka mashine yenye nguvu na bando la kutosha kupakua makumi ya gigabaiti. Kwangu thamani yake iko kwenye mwisho mmoja tu, ule wa kuwaamini Arasaka. Unajikuta kwenye kituo cha anga ukifanyiwa vipimo vilevile siku baada ya siku, mchemraba wa rangi mkononi, hadi wanakuletea karatasi: wapokee nafsi yako waihifadhi, au urudi duniani ufe baada ya miezi michache. Kalamu iko hapo.

Ajabu ni kwamba Arasaka wanabembeleza kwa lugha ya huduma kwa wateja, na lugha hiyo tumeshaisikia. Mwaka 2023 watu walipanga foleni kwenye jumba la mikutano la KICC, Nairobi, kupigwa picha za mboni za macho na mradi wa Worldcoin ili wapewe sarafu za kidijitali zenye thamani ya kama Sh7,000. Serikali ya Kenya ilisimamisha zoezi hilo Agosti mwaka huohuo, na Mei 2025 Mahakama Kuu iliagiza data hizo zifutwe. Asiye na mashine ya kuchezea gemu anaweza kutazama Cyberpunk: Edgerunners, katuni ya Kijapani ya mwaka 2022 yenye vipindi 10 katika jiji lilelile. Ina machozi kuliko gemu lenyewe.

Nyingine kwa ufupi

Ghost in the Shell ya Mamoru Oshii, 1995, dakika 82: mwajiri ni serikali badala ya kampuni, lakini Meja Kusanagi, polisi mwenye mwili wa mashine, anajua kwamba akiacha kazi itabidi arudishe mwili na kumbukumbu zilizomo. Ni nzuri kwa macho, nzito kwa masikio, maana wahusika huongea kama wahadhiri. Pumzi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, 2009, ina dakika zipatazo 20 tu. Huko pia anayetawala si kampuni, ni baraza, na kinachodhibitiwa ni ndoto: ukiota, mashine inakuamuru umeze dawa. Haikulazimishi kujua chochote kabla ya kuitazama, na ndiyo ningempa mtu anayedai hapendi bunilizi ya kisayansi.

Kama ni kimoja tu, mimi ningekupa Citizen Sleeper. Kama huchezi gemu, basi Moon leo usiku na kitabu cha Wells wiki ijayo, kwa mpangilio huohuo, kwa sababu Murderbot anafanya kile ambacho Sam mzee hakupata muda wa kukifanya. Severance ni bora kuliko zote katika vipindi vyake vitano sita vya kwanza, lakini sipendekezi kwa mtu anayeanza kazi mpya mwezi huu. Iache mpaka upate likizo ya kwanza. RoboCop ina damu nyingi, watoto walale kwanza, na ukifika kwenye ule mkono wa kushoto, ongeza sauti.